Spana ya Kumi na Nne

"Toka huko chini!" baba alifoka, bahasha ya shahada mkononi. "Nilikusomesha usishike grisi!"

Mafundi wenzake gerejini wakaangua kicheko. Zamani walimwambia kusomesha binti ni kutwanga maji kwenye kinu; siku hizi, shahada ipo na kazi haipo, wanamwita binti Digrii.

Binti hakutoka. Chini ya gari ulichomoza mkono mmoja tu, mweusi hadi kwenye kiwiko, na kucha zimeshika grisi kama za baba yake.

"Baba, mikono iliyonisomesha ilikuwa hivihivi. Siionei haya. Nipe spana ya kumi na nne."

Kicheko kilikatika. Baba aliutazama mkono ule, akaibana bahasha kwapani.

"Hapo inaingia kumi na saba, wewe," alisema, akapiga goti palipomwagika oili.