Nungunungu Agombea Ubunge

Tangu Bunge la nyikani lianze, kiti cha bondeni kilishikwa na Nyati wa Chama cha Pembe au Chui wa Chama cha Makucha. Mwaka huo Nungunungu naye akajitosa, kwa chama cha tatu alichokianzisha mwenyewe.

Huko wapiga kura hupanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, naye huwapa mgongo mpaka wahesabiwe, asijue nani kamkataa.

“Na hiyo miiba, nani atasimama nyuma yako?” Chui akamcheka. “Jitoe, bwana, usijiaibishe.”

“Sijitoi,” akasema Nungunungu. “Nitageuka.”

Akageuka, miiba ikaelekea porini, uso ukaelekea kwa wapiga kura. Swala, aliyekuwa kwenye mstari wa Nyati, hakuwahi kuona uso wa mgombea siku ya kura. Akamsogelea.

“Kisima chetu kimefukiwa. Utakichimbua?”

“Nitakichimbua. Nawe utakuja kuzoa udongo.”

Wengine wakasikia, wakaja mmoja mmoja kuuliza yao, na aliyejibiwa hakurudi alikotoka.

Filimbi ya kumaliza kuhesabu ilipolia, Nyati na Chui waligeuka kwa madaha kuwashukuru wafuasi wao, wakakuta vumbi tupu.