Kengele za Damasi

Katika mtaa ule wa zamani, wenye makanisa manne na baa zisizohesabika, akifa mtu kengele hupigwa mara moja kwa kila mwaka aliouishi. Jioni hiyo Tekla, mpiga kengele wa kanisa kongwe kuliko yote, alikuwa amefika thelathini na moja pale meneja wa baa ya ng'ambo ya barabara alipoingia mnarani akihema.

"Mama, wageni wangu wametoka mbali kuja kustarehe. Barua ya ofisi ya mtaa umeipata. Mwisho ni milio kumi."

"Nimeipata," alisema Tekla, akavuta kamba. Thelathini na mbili. "Ila Damasi hakuishi miaka kumi."

"Damasi wa tarumbeta?" aliuliza meneja.

"Huyo huyo. Kapuliza kwenye baa yako miaka ishirini, ukamwambia amezeeka, wageni wanataka vijana." Thelathini na tatu.

"Basi, mama. Inatosha."

Akaidaka kamba kwa mikono miwili ili aizuie. Lakini kengele ilikuwa nzito kuliko wao wote wawili, na ilipobembea iliivuta kamba juu pamoja na mikono yake, hata visigino vyake vikaacha sakafu. Ikalia.

"Thelathini na nne," alisema Tekla. "Usiachie. Zimebaki arobaini na tatu."

Ng'ambo ya barabara muziki ulikuwa umezimwa. Wageni walisimama barazani, glasi mkononi, wakitazama mnara. Kamba ikaanza kushuka, ikiwa na mikono minne.