Mabuti ya Mzee Ambwene

Mzee Ambwene alitimka tena. Injinia Tulia ndiyo kwanza anashuka garini, na mzee keshazama migombani, chai yake imebaki kibarazani inatoa mvuke.

"Anaogopa umeme," Meshaki alicheka. Fundi huyu alikuwa mgeni Suma, katoka Dodoma, na alijiona hodari wa kusoma watu.

Ukuta wa mzee ulikuwa umepasuka, nyumba ikiteremka polepole pamoja na udongo laini wa mteremko. Udongo ule uligoma kunywa dawa ya kuugandisha, hata ilipopampiwa kwa nguvu. Ndipo Tulia akapigilia mabomba ya chuma yenye matundu, akayaunga na jenereta. Umeme ukaivuta dawa mpaka ndani. Ilibaki pembe moja, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Mahali fulani pembeni hapo palikuwa na kisima kilichofukiwa zamani. Dawa ikipotelea humo, nyumba imekwenda. Aliyejua kilipo ni mzee peke yake.

"Kamuulize mwenye nyumba," Tulia alisema, akiipa migomba mgongo.

"Si yule pale, injinia? Hatua kumi tu!"

"Nenda wewe, Meshaki."

Meshaki alimhurumia mzee. Akampelekea mabuti ya mpira, akamhakikishia kwamba ukiyavaa hayo umeme haukupati.

"Ndaga fijo, mwanangu," mzee alishukuru, akayavaa palepale. Akaonyesha kwa fimbo: kisima kiko chini ya mparachichi. "Nyumba hii nilimjengea mwanangu wa kuzaa, Lutufyo. Ikianguka nami nimeanguka." Kisha akanong'ona, "Injinia amekula? Mpe maziwa haya."

Tulia alipokohoa tu, mzee akakimbia. Mabuti yalimwongezea kasi.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na nyumba haikusogea hata unywele. Meshaki alijawa na furaha. Akamnasa mzee mkono, akamburuta hadi penye jenereta.

"Leo utamshukuru mwenyewe! Umeme tumeshauzima."

Tulia akageuka, akawaona. Akajitupia kanga kichwani na kujibanza nyuma ya pipa la dawa. Mzee naye akajichomoa, buti moja likabaki nyuma.

"We kijana, una wazimu?" sauti ilitoka migombani, ikihema. "Kwetu ni mwiko! Unataka nitazamane uso kwa uso na mkwe wangu, mke wa Lutufyo?"