Akigonga, Mwachie

Valary aligonga mkeka. Akagonga tena, kwa nguvu, na bado mkono wa Nada haukulegea shingoni mwake. Taa za ukumbi wa judo zikaanza kufifia, na sauti za wasichana wengine zikawa kama za watu walio nje barabarani.

Kocha Wahida ndiye aliyewatenganisha. Mama huyu wa Kizanzibari, mzaliwa wa Jeddah, alikuwa amerudishwa mjini humo hapo majuzi tu kutoka ukumbi wa Riyadh, na siku ya kwanza aliwatajia wanafunzi kanuni zake bila kumung'unya maneno. Kucha zikatwe. Pete na hereni zivuliwe. Wakisalimiana waweke mkono kifuani, wasiinamiane, maana kuinama ni kwa Mungu. Na kubwa kuliko zote: mtu akigonga mkeka kuonyesha ameshindwa, mwachie saa hiyo hiyo.

Valary aliipenda kanuni hiyo mpaka akaiota. Tangu atoke kwao Kakamega hakuwa na neno ambalo mtu alilazimika kulitii. Sasa alikuwa na kiganja. Katika kila zoezi mwenzake alikuwa Nada, naye Nada alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Riyadh na tegemeo lake ni kabali. Shingo ya kujifunzia ilikuwa ya Valary. Siku nyingine hata kumeza mate kulikuwa kazi, na aliogopa, aliogopa kweli, kwamba ipo siku atazimia asiamke. Alichobaki nacho ni kule kugonga, na jicho la kocha.

"Kagonga mara ngapi?" Wahida alimuuliza Nada kwa Kiarabu.

Nada akainua mabega. "Sikusikia."

"Ulisikia. Halas, imetosha. Vua mkanda, na usirudi hapa."

Valary, macho bado mekundu, akamshika kocha mkono.

"Kocha, tafadhali usimfukuze," alisema kwa Kiswahili, sauti ikimkwaruza. "Mwadhibu vile unataka, lakini abaki hapa."

Wahida alimshangaa. "Sikufahamu, mwanangu. Mtu kataka kukutoa roho, nawe wamtetea?"

"Simtetei. Akitoka hapa, mimi..."

"Yalla, twende," Nada aliita kutoka mlangoni, begi lake likiwa chini miguuni.

Valary akauachia mkono wa kocha.

"Una moyo mzuri," Wahida alimwambia, akimpapasa bega. "Lakini kwangu mimi huyo hachezi tena. Nenda kapumzike. Sasa uko salama."

Valary aliokota begi lake, akaokota na la Nada, akatoka.

Gari liliwarudisha wote wawili mtaani Al-Safa. Valary alikaa ameshika shingo, akimwomba Mungu foleni isiishe.

Mama yake Nada aliwafungulia mlango mwenyewe. Alisikiliza kisa chote pale pale kizingitini, akamfuta bintiye machozi, akamwambia asijali, Riyadh ataenda tu.

Kisha akamgeukia mfanyakazi wake wa ndani.

"Valary, ukishaosha vyombo, kunja zulia la sebuleni lisije likaharibika. Kuanzia leo mtafanyia mazoezi hapa hapa."