Bakiza Yangu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala tusimtafutie mwenzake.

Kazini, alikoandika programu za kompyuta na wenzake, walimwita Hakimu. Wawili wakiandika mahali pamoja kwenye faili moja, yeye ndiye aliyeamua kazi ya nani ibaki. Sasa yeye na mdogo wake wa kike walikuwa wakiandika wasifu wa marehemu mama yao wa kusomwa mazishini, kila mtu kwa kompyuta yake. Walipofika sentensi ya mwisho, mashine ikagoma. Ikaweka sentensi zao mbili, moja juu ya nyingine, achague.

Yake: "Mama alituaga kwa amani, wanawe wote wakiwa kando yake."

Ya mdogo wake: "Mama alikata roho akiuliza kama kaka amefika."

Kidole kikasita. Kilikuwa kidole laini, kucha imekatwa vizuri. Kisha kikabonyeza kitufe cha "Bakiza yangu", kwa mazoea ya kazi, na ile nyingine ikatoweka kama haijawahi kuandikwa.

"Umenifuta?"

Mdogo wake alikuwa nyuma yake, taulo alilomfutia mama akiugua bado begani.

"Usinune, mdogo wangu. Haziwezi kukaa zote mbili. Na hii inasomeka vizuri mbele za watu. Mambo haya niachie mimi, ndiyo kazi yangu."

Mdogo wake akalishusha taulo, akalikunja taratibu kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni.

"Sawa, Hakimu, kasome wewe. Ila ukifika hapo pa 'wanawe wote', inua kichwa uniangalie."