Kiitikio cha Zamda

Sheria ni kwamba sauti iliyorekodiwa ikitimiza miaka thelathini hufutwa kwenye mashine zote, na mwenyewe huitwa kuimba upya. Sehemu ya marehemu haiimbwi na mtu mwingine.

Mwantumu alirudi studio kuurudia wimbo wa filamu uliowapa jina yeye na mdogo wake Zamda, ambaye sasa ni marehemu. Kila ubeti ulipoisha alinyamaza, kwa mazoea.

"Bi Mwantumu, mbona hapo unakaa kimya?" fundi mitambo akauliza. "Nipazibe kwa kinanda?"

"Usipaguse. Hapo pana mtu."

Siku ya Ijumaa, siku ambayo redio hupiga wimbo wao, alimkuta mama yao akichambua mchele, redio ikiwa pembeni yake. Wimbo uliorekodiwa upya ulikuwa umeshaingia redioni, na Mwantumu hakuwa amethubutu kumwambia kwamba sauti ya Zamda imefutwa.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Mama akainua kidole, kama kila Ijumaa, kumsubiri Zamda aitikie. Kimya. Ubeti wa pili nao ukaisha, kidole kikiwa bado juu.

Mwishowe akakishusha, akaurudia mchele wake.

"Mdogo wako leo koo limemkauka," akasema. "Hukumpa hata maji?"