Namba Kiganjani

Mizani aliibana tochi kwa meno, akafuta grisi ubavuni mwa injini, akasoma namba. Kisha akafungua kiganja cha kushoto, akasoma tena. Jasho lilikuwa limeanza kuula wino, lakini namba zilisomeka, zilezile mbili alizoandika asubuhi.

Jina la Mizani alipewa na madalali wa magari, kwa kuwa akishasema gari lina thamani gani, wabishi wote hukunja jamvi. Jina zuri, ila halikuwahi kumjengea nyumba. Ujana wake wote aliumalizia chini ya magari ya watu, na uzee ukamkuta hukohuko chini, na mgongo kama wa kuazima. Alikuwa amechoka. Alitaka biashara moja tu ya mwisho, kisha apumzike.

Magari haya madogo ya mbio, ya viti viwili, yalitoka kiwandani machache mno. Kila moja lilipigwa namba moja mahali pawili, kwenye chesisi na kwenye injini. Namba zikifanana, gari ni lulu. Zikitofautiana, injini si yake ya kuzaliwa nayo, na lulu inageuka bati lenye magurudumu.

Asubuhi, upande wa pili wa mji, mjane mmoja mfupi, mcheshi, alikuwa amemwonyesha gari kama hili. Namba hazikufanana. Mizani aliziandika kiganjani mbele yake, ya chesisi juu, ya injini chini, akamweleza ukweli wake bila kuzunguka. Mjane alipomuuliza chai aitie sukari kiasi gani, akasema vijiko vitatu, wakacheka. Alikuwa na mume wa safari, alisema mjane, nusu ya mwezi yupo, nusu hayupo, hadi alipofariki.

Mjane wa gari hili la pili alikuwa mrefu, mtaratibu wa maneno. Alimwambia tangu mlangoni kwamba hana haraka. Anatafuta mtu mwaminifu wa kumkabidhi mauzo yote, naye atagawiwa fungu la kumtosha. Kila muuzaji husema hivyo, na Mizani hakutia maanani. Alichotia maanani ni kwamba naye alikuwa na mume wa safari, nusu ya mwezi yupo, nusu hayupo.

Na chesisi ya gari lake ilikuwa na namba ya chini ya kiganjani. Injini ilikuwa na ile ya juu.

Marehemu, basi, alikuwa mmoja. Nyumba mbili, magari mawili, na injini alizibadilisha makusudi ili mke mmoja asiweze kuuza kwa bei ya lulu bila mwenzake. Aliwafunga wake zake kwa kamba moja, akafa bila kuwaambia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sasa kata alikuwa Mizani peke yake. Angeyanunua yote mawili kwa bei ya bati, akarudisha kila injini kwao, na asingelala tena chini ya gari la mtu.

Mama huyu mrefu aliingia ndani, akarudi na kikombe cha chai. Mizani akanywa taratibu. Ilikuwa tamu vilevile aipendavyo.

Alijitetea moyoni. Akisema ukweli, si atamvunja moyo mama wa watu, ajue leo kwamba aliolewa uke wenza? Kunyamaza ni kumsitiri marehemu. Na wahenga walisema kufa kufaana. Hata hivyo aliona aibu, na moyo ulimuuma. Ila mgongo ulimuuma zaidi.

“Mama, nisikufiche,” alisema. “Ni gari la kawaida. Injini hii si yake.”

“Na ya kwake haiwezi kupatikana?”

“Wapi, mama. Hiyo ilishayeyushwa zamani ikawa masufuria.”

Mama akamuuliza kama amewahi kuliona jingine la namna hii hapa mjini. Mizani akakunja kiganja, akasema hapana, hajawahi. Akaongeza kwamba, kwa kumwonea huruma, yeye mwenyewe angeweza kumwondolea mzigo huu, kwa bei ya kusaidiana.

“Una hakika, mzee wangu?”

“Umri huu nidanganye ili iweje?”

Mama alimtazama kwa muda, kwa macho yaliyochoka kuliko ya Mizani mwenyewe. Halafu akasema haya, basi wapeane mikono. Mizani akanyoosha wa kulia. Mama hakuupokea. Akaushika ule wa kushoto, polepole, akaukunjua kidole kimoja kimoja hadi wino ukaonekana.

“Mke mwenzangu,” aliita kuelekea jikoni, bila kupaza sauti, “hebu njoo.”

Akatoka yule mama mfupi wa asubuhi, kopo la sukari mkononi. Akakitazama kiganja, akamtazama Mizani, akashusha pumzi.

“Na huyu,” alisema, “nilidhani ndiye.”